Civita di Bagnoregio: Mji Juu ya Mwamba, Mwamba Juu ya Udongo

Mtu anayetafuta Bagnoregio kwenye ramani ya Italia hukuta majina mawili yanayokaribiana mno: Bagnoregio na, upande wake wa mashariki, Civita di Bagnoregio. Yote mawili yamo katika mkoa wa Lazio, wilaya ya Viterbo, kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Roma, katikati ya Ziwa Bolsena na bonde la mto Tiber. Bagnoregio ni mji mdogo wa kawaida wenye watu elfu chache, una shule, maduka, halmashauri na kanisa kuu. Civita ni kilele cha mwamba kilichosimama peke yake katikati ya mabonde, hakifikiki kwa gari, na wakazi wake wa mwaka mzima ni kama kumi tu. Kiutawala, Civita ni kitongoji cha Bagnoregio.

Fundo la kwanza liko hapo hapo kwenye jina. Neno *civita* linatokana na neno la Kilatini *civitas*, yaani mji wenyewe, mahali penye raia, sheria na askofu. Kwa karne nyingi huko juu ya mwamba ndiko kulikokuwa mji, na mahali tunapopaita Bagnoregio leo palikuwa mtaa wake wa nje ulioitwa Rota. Mji umegeuka kitongoji cha kitongoji chake. Wageni wengi huelezwa kwa kifupi kwamba hapa ni "mji unaokufa", sifa iliyoenezwa na mwandishi mzaliwa wa Bagnoregio, Bonaventura Tecchi, na wakaondoka wakiamini kwamba tetemeko la ardhi liliupiga mji na sasa unasubiri kumalizika. Maelezo hayo yanachanganya mambo mawili ambayo yanafaa kutenganishwa. Kuna kufa kwa mwamba, ambako kumechukua maelfu ya miaka na bado kunaendelea, na kuna kuondoka kwa watu, ambako kulianza kwa uamuzi wa wanadamu na kukakamilika katika vizazi vichache. La pili lilitokana na la kwanza, lakini halikulazimishwa nalo moja kwa moja. Ili kuona tofauti yake inabidi tuanzie chini kabisa.

Chini kabisa kuna bahari. Zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, maji ya bahari yalifunika eneo ambalo leo ni bonde la Tiber, na matope laini yakawa yanatua sakafuni mwake hadi yakajilimbikiza kwa unene mkubwa mno. Ardhi ilipoinuka na bahari kurudi nyuma, matope hayo yalibaki nchi kavu yakiwa udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaoelekea buluu, na ndani yake maganda ya kombe na chaza waliokufa zamani hizo. Huo ndio msingi wa nchi yote ya hapa.

Kisha zikaja volkano. Upande wa magharibi, mahali penye Ziwa Bolsena leo, palikuwa na kundi la volkano linaloitwa Vulsini, zilizolipuka mara nyingi katika muda wa mamia ya maelfu ya miaka. Kila mlipuko ulimwaga majivu na vipande vya mawe mepesi juu ya ule mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka. Takriban miaka 330,000 iliyopita ulitokea mlipuko mkubwa uliosukuma wingu zito la gesi na majivu ya moto, likatambaa juu ya ardhi, likajaza mabonde, likapoa na kugandamana. Likawa jiwe lenye rangi kati ya manjano na hudhurungi ambalo Waitaliano huliita tufo. Jiwe hilo hilo la mlipuko huo ndilo lililobeba mji wa Orvieto, ambao nao umekaa juu ya mwamba wa pande zote wima kilomita chache kutoka hapa. Majirani hawa wawili wana asili moja na maradhi mamoja, ila Orvieto imekaa juu ya kipande kipana zaidi.

Tufo na mfinyanzi vina tabia zinazopingana, na ugomvi huo ndio kiini cha habari yote. Tufo ni gumu kiasi cha kusimama wima kama ukuta, lakini halipindiki: likizidiwa, hupasuka. Nyufa zake hupitisha maji ya mvua hadi chini. Mfinyanzi haupitishi maji. Ukilowa huvimba na kuteleza, ukikauka hukunjamana na kuchanika. Mtu yeyote aliyewahi kujenga nyumba juu ya udongo wa namna hiyo bila kuchimba msingi wa kutosha anaijua tabia yake: masika unanyanyua sakafu, kiangazi unaishusha, na ufa wa kwanza hutokea pembeni mwa dirisha. Sasa ichukuliwe nyumba hiyo kuwa ni mji mzima, na msingi wenyewe uwe wazi pande zote, unanyeshewa.

Pande mbili za mwamba wa Civita hupita vijito viwili vinavyoelekea Tiber. Kimoja huitwa Rio Chiaro, kijito safi. Kingine Rio Torbido, kijito cha maji machafu. Jina hili la pili linasema kazi yake, kwa kuwa uchafu uliomo ni huo mfinyanzi unaosombwa. Kadiri vijito vinavyochimba sakafu zao, ndivyo miteremko inavyozidi kuwa mikali, na mteremko wa mfinyanzi ukizidi ukali wake hushuka wenyewe mvua inapokuja. Ukishuka, ukingo wa tufo ulio juu yake hubaki hauna kitu cha kukalia. Ndipo nyufa za wima zilizo karibu na ukingo zinapopanuka taratibu, sentimita kwa sentimita, mpaka siku moja kipande kizima kinajitenga, kinainama kuelekea nje na kuanguka bondeni pamoja na chochote kilichokuwa juu yake. Mwamba huu basi huliwa kutoka miguuni. Anayesimama uwanjani katikati ya mji haoni dalili yoyote. Jiwe lililo chini ya viatu vyake ni kavu na imara.

Athari ya kazi hiyo inaonekana katika bonde linalouzunguka mji, liitwalo Bonde la Calanchi. *Calanchi* ni kuta nyembamba za udongo zilizochongwa na mvua zikawa na makali juu kama migongo ya visu, nyeupe wakati wa jua, za kijivu zikilowa, na kwenye miteremko yake mikali zaidi hata nyasi hazishiki. Vilima hivyo vilivyo uchi ni mabaki ya nchi iliyowahi kuwa na kofia ya tufo kama Civita, kofia ikaanguka, na mfinyanzi ukabaki wazi. Anayetaka kujua Civita itakuwaje baadaye ana jibu mbele ya macho yake.

Kwa nini basi watu walichagua kuishi hapa? Swali hili huulizwa kwa mshangao, kana kwamba wa kale hawakuwa na macho. Waetruski, taifa la Italia ya kati lililotangulia Warumi, waliokaa hapa kiasi cha miaka 2,500 iliyopita, walikuwa na sababu nzuri, na kila sababu yao imefungamana na ule ule ugomvi wa tufo na mfinyanzi. Kilima chenye kichwa bapa na kuta za wima hakihitaji ngome kubwa. Jiwe la tufo hukatwa kwa zana za kawaida, kwa hiyo mtu huchimba pishi, kaburi, zizi na tangi la maji chini ya nyumba yake mwenyewe. Maji yanayopenya kwenye nyufa za tufo yakikutana na mfinyanzi usiopitisha hukosa njia ya kushuka zaidi, hutokeza ubavuni, na hapo huwa chemchemi. Aidha, njia ya kutoka Ziwa Bolsena kwenda bonde la Tiber ilipita karibu. Ulinzi, jiwe laini, maji na njia ya biashara ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye busara angeyataka, na yote yalitolewa na mahali palepale panapobomoka. Naona ni haki kuwatetea watu hao: walichagua vizuri kwa kipimo cha maisha ya mtu, na kwa kipimo cha vizazi vingi pia.

Mapango yao yangali yanatumika. Mengine yakawa makaburi, mengine yakachongwa vishubaka vidogo vidogo ukutani kwa ajili ya kufuga njiwa, mengine yakawekwa mashinikizo ya zeituni na mapipa ya divai. Liko handaki linaloitwa Bucaione, lililokatwa katika mwamba, ambalo hushuka kutoka mjini mpaka bondeni na limewapitisha wakulima na punda wao kwenda mashambani. Uhitaji huo wa kuchimba nao ulikuwa na gharama yake, kwa kuwa jiwe lenye nyufa likitobolewa huzidi kudhoofika. Na miteremko ilipofyekwa miti ili pawe na malisho na mashamba, mvua ilipata kazi rahisi zaidi.

Jina la Bagnoregio lina hadithi yake. Zamani paliitwa *Balneum Regis*, yaani bafu la mfalme, kwa sababu ya maji ya moto ya volkano yaliyosemekana kuponya maradhi. Wenyeji husimulia kwamba mfalme huyo ni Desiderius wa Walombardi, aliyetawala karne ya 8, akaugua, akaoga, akapona. Hadithi ni nzuri lakini tarehe zinaikataa, kwa kuwa jina hilo tayari limo katika barua ya Papa Gregory Mkuu iliyoandikwa karibu mwaka 600, zaidi ya karne moja kabla ya mfalme huyo kutwaa kiti. Mfalme yeyote aliyeoga hapo, kama yupo, ni wa zamani zaidi. Jina lilizidi kufupishwa katika vinywa vya watu likawa Bagnorea, na mwaka 1922 ndipo likarudishwa rasmi katika umbo la Bagnoregio.

Katika karne ya 13 alizaliwa hapa Giovanni di Fidanza, anayejulikana duniani kwa jina la Mtakatifu Bonaventura. Yeye mwenyewe aliandika kwamba akiwa mtoto aliokolewa kutoka katika mauti kwa maombezi ya Francis wa Assisi. Mwaka 1257 akawa mkuu wa shirika zima la Wafransisko, akafa mwaka 1274 huko Lyon wakati wa mtaguso wa Kanisa, akatangazwa mtakatifu mwaka 1482. Nyumba aliyokulia ilikuwa karibu na ukingo wa Civita. Leo mahali hapo pana kibao cha ukumbusho tu. Ukuta, sakafu na ardhi iliyobeba nyumba viliteremka bondeni. Mkono wake, uliohifadhiwa kama masalia matakatifu, uko katika kanisa la San Nicola huko Bagnoregio.

Historia ya mji huo katika zama za kati iko wazi zaidi langoni kuliko mahali pengine popote. Civita ilikuwa na malango matano; limebaki moja, Porta Santa Maria, ambalo njia yake Waetruski waliikata katika mwamba wenyewe na watu wa zama zilizofuata wakaijengea upinde juu. Pande mbili za lango wamechongwa simba wa mawe, kila mmoja ameshika kichwa cha mtu kwa kucha zake. Wenyeji hueleza kwamba ni kumbukumbu ya kuwashinda Monaldeschi, ukoo wa mabwana wa Orvieto waliotaka kuutawala mji katika karne ya 15. Nyuso za simba zimelika kwa upepo na mvua, ila makucha bado yanaonekana. Hatua chache baada ya lango, upande mmoja umesimama uso wa jumba la zama za Mwamko (Renaissance): mlango wa mbao, madirisha yenye fremu nzuri za mawe, kila kitu mahali pake. Ukiinua macho kuelekea madirishani unaona mbingu. Nyuma ya ukuta huo hakuna chumba, hakuna paa, hakuna ardhi. Jumba lilianguka na kuacha uso wake tu ukitazama barabara.

Sasa tulifikie tetemeko. Mnamo Juni 1695 ardhi ilitikisika kwa nguvu katika eneo hili, ikabomoa nyumba nyingi za Civita na kuharibu njia iliyouunganisha mji na Rota. Njia hiyo ilikuwa shingo ya ardhi, kipande chembamba cha ule uwanda wa zamani ambacho kilikuwa hakijaliwa bado. Wakuu wa mji na askofu waliamua kuhamia upande wa Rota, na mwaka 1699 hadhi ya kanisa kuu la jimbo ikaondolewa kwa San Donato, lililoko katika uwanja wa Civita, ikapelekwa San Nicola.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapokosea, kwa maoni yangu. Tetemeko halikuanzisha kubomoka kwa mwamba. Kingo zilikuwa zikianguka kabla ya hapo na zingeendelea bila yake. Kilichobadilika baada ya 1695 ni mahali pa uamuzi. Askofu akihama, mapadre, makarani na waombaji wa misaada humfuata. Hakimu akihama, mashahidi na wenye kesi wanahama naye, na mwenye duka anaona wateja wako wapi. Jengo lililoanguka lingeweza kujengwa tena, kama miji mingi ya Italia ilivyojengwa tena baada ya matetemeko, lakini mahali pasipo na ofisi wala soko hapana sababu ya kujenga. Civita ilipoteza kazi yake ya kuwa mji kabla ya kupoteza ardhi yake, na jina lake likabaki likieleza kitu ambacho tayari kilikuwa upande wa pili wa bonde.

Baadaye shingo yenyewe ilizidi kudidimia katika karne ya 18 na 19, mpaka haikuwezekana tena kuitegemea kama njia, ikabidi pajengwe daraja. Daraja la mawe lilibomolewa na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma katika Vita vya Pili vya Dunia. Lililopo leo ni la zege, la mwaka 1965, la waenda kwa miguu, lenye urefu wa mita kama 300, tambarare mwanzoni na lenye mwinuko mkali linapokaribia lango. Magurudumu yanayoruhusiwa humo ni ya pikipiki na vigari vidogo vya kubebea mizigo tu; zamani kazi hiyo ilifanywa na punda. Punda hao hawajasahaulika: mara mbili kwa mwaka, Juni na Septemba, hushindanishwa mbio kuzunguka uwanja wa San Donato katika sherehe iitwayo Tonna.

Karne ya 20 ilimaliza kilichobaki. Familia za wakulima ziliondoka kwenda Bagnoregio, Roma na miji ya viwanda, kwa sababu zile zile zilizoondoa watu katika vijiji vya milimani Italia nzima: shule iko mbali, hakuna barabara ya gari, shamba halilishi watoto watano. Nyumba zao zikanunuliwa moja moja na watu wa mjini na wageni kutoka nje wanaokuja mwishoni mwa wiki. Mwaka 2006 Civita iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo 100 ya urithi yaliyo hatarini zaidi, na tangu hapo imejulikana kote.

Umaarufu huo ulileta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio ilianza kutoza kiingilio cha euro moja na nusu kwa kila mgeni anayevuka daraja, hatua ambayo miji mingine ya Italia ilikuwa haijaichukua. Kiingilio kimepanda mpaka euro 5, na wageni, ambao kabla ya hapo walikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka, wakaongezeka hadi laki kadhaa. Fedha hizo zimeiwezesha halmashauri kuwapunguzia wakazi wa Bagnoregio mzigo wa kodi za mji. Kwa hiyo mtaa wa nje uliourithi mji sasa unaishi kwa sehemu kubwa kwa kuuonyesha mji wenyewe kwa watu. Sioni aibu katika jambo hilo. Lakini ni vyema ieleweke kwamba sifa ya "kufa" ndiyo inayouza tiketi, na kwamba tiketi hizo zinaweza kulinda mwamba, hazina uwezo wa kurudisha shule.

Kuhusu kuulinda mwamba, wahandisi wanajua la kufanya kuliko ilivyokuwa zamani. Vyuma virefu huingizwa ndani ya tufo ili kushonea vipande vilivyopasuka kwenye mwili wa mwamba. Kwenye vijito hujengwa vizuizi vya kupunguza kasi ya maji ili yasichimbe, na miteremko huachwa iote majani na miti. Maji ya mvua ya mjini yanahitaji kuongozwa kwa mifereji ili yasizame kwenye nyufa. Vipimo huwekwa kuangalia upana wa nyufa muda wote. Tangu mwaka 2012 lipo hata jumba la makumbusho la jiolojia na maporomoko ya ardhi, ndani ya Palazzo Alemanni pale Civita, ambako mgeni huonyeshwa tabaka za bahari na za volkano zilizoko chini ya sakafu anayosimama. Kazi hizo huchelewesha. Vijito havijaacha kuchimba, na haviwezi kuamriwa viache.

Ndani ya San Donato kuna msalaba wa mbao wa karne ya 15 wenye sanamu ya Kristo ambayo mikono yake huweza kukunjwa, ili iweze kushushwa na kulazwa kwenye jeneza. Masimulizi ya hapa husema kwamba wakati wa tauni ya mwaka 1499 sanamu hiyo ilizungumza na mwanamke mcha Mungu aliyekuwa akiomba mbele yake, ikamwambia kwamba maradhi yanakwisha. Kila Ijumaa Kuu sanamu hubebwa nje ya lango lenye simba, ikavuka daraja na kupelekwa kwenye maandamano katika barabara za Bagnoregio, ambako watu wako. Lakini kuna sharti ambalo wazee wameliweka na ambalo wabebaji huliheshimu hata leo: kabla ya saa sita ya usiku ni lazima sanamu iwe imerudi Civita. Ikichelewa, Bagnoregio itakuwa na haki ya kubaki nayo. Kwa hiyo maandamano yakiisha, wabebaji huinua tena jeneza begani, hushuka hadi mwanzo wa daraja, na kupanda nalo gizani kuelekea mwambani.